Jina Lililofika Kabla ya Hodi

Siku ya arubaini na saba ya eda yake, Time alifungua simu kutazama nani anaimaliza intaneti ya nyumba, na kwenye orodha ya ruta akalikuta jina la marehemu mumewe.

Simu ya Hashil. Pembeni yake kidoti cha kijani. Chini yake maneno madogo: imeunganishwa tangu saa tatu na dakika hamsini na mbili.

Alikuwa amekaa juu ya mkeka chumbani, mgongo ukutani. Alisoma mara ya pili. Akaizima simu, akaiwasha, akafungua tena. Jina lilikuwa pale pale, kati ya Simu ya Time na Tivi ya Ukumbini, kama vile mwenyewe yuko chumba cha pili anakunywa chai.

Hashil alikuwa mwalimu wa fizikia katika skuli moja upande wa Konde. Kila siku alikwenda na kurudi Wete kwa Vespa yake. Alasiri moja ya Aprili, masika yamechachamaa, gari ilimgonga kwenye kona, ikamsukumia mtaroni, ikaenda zake. Wanawake wawili waliokuwa wakirudi kondeni ndio waliomkuta, ameshakuwa baridi. Kofia ilikuwapo, begi la vitabu lilikuwapo, hata miwani ilipatikana majanini. Simu haikuonekana. Askari walisema labda mpita njia kaiokota, na kwa mvua ile hakukuwa na alama ya tairi ya kufuata wala mtu aliyeiona gari. Mambo yakaishia hapo.

Time alijaribu kuipigia namba ya mumewe. Sauti ya mwanamke ikamwambia kuwa namba haipatikani, kama ilivyomwambia mara zote alizojaribu wiki ya kwanza. Akatazama tena orodha. Kidoti bado kijani.

Akaiweka simu kifudifudi juu ya mkeka.

Ruta ile aliitia Hashil mwenyewe mwaka jana, binti yao Laila alipokwenda Unguja kusoma chuo, ili wapate kumwona usoni wakizungumza naye. Siku ya kwanza orodha yake haikusomeka: herufi na tarakimu zilizofuatana bila mbele wala nyuma, na kimoja kimeandikwa "kifaa kisichojulikana". Hashil hakuivumilia. Ijumaa nzima baada ya sala alikaa ukumbini akimwambia huyu azime, yule awashe, mpaka kila chombo akakijua na kukiandika jina la mwenyewe. Hata wageni wa kawaida aliwaandika. Mama yake, Bi Ummkulthum, aliyekuwa akiishi nao, alicheka sana.

"Siku hizi hata simu zinafanyiwa akika zipewe majina?"

"Mama, mtu akipiga hodi asitaje jina, utamfungulia?"

"Simfungulii."

"Basi na huku ni mlango."

Time alimsikiliza siku ile kwa sikio moja, maana alikuwa jikoni. Lakini jambo moja alilishika, kwa kuwa Hashil alilirudia. Ruta haiangalii laini uliyotia wala kava uliyovisha. Inaangalia namba ya chombo chenyewe, ile iliyotoka nayo kiwandani. Simu mpya hujibadilisha namba hiyo, lakini yake yeye ilikuwa ya zamani. Hata ukiifuta yote ikawa tupu, namba inabaki ile ile.

Sasa simu hiyo ilikuwa hai, tena karibu. Ruta yao haikufika mbali. Ukivuka uwanja tu inakatika. Aliyekuwa nayo alikuwa ndani ya nyumba, au ameegemea ukuta wake.

Time aliinuka akasogea mlangoni, akasikiliza. Kizuka, mjane aliye edani, hatoki. Alikuwa na siku themanini na moja mbele yake za kukaa ndani ya kuta hizi, na mwanamme asiye maharimu wake asimwone. Chumba cha pili Bi Ummkulthum alikuwa amelala. Mzee yule tangu mwanawe afe analala mchana na kukesha usiku. Ukumbini alikuwapo Shariffa peke yake, anamenya muhogo.

"Shoga, umeita?" Shariffa aliuliza bila kugeuka.

"Sijaita. Kuna mtu kapita nje?"

"Hamna mtu."

Shariffa alikuwa mke wa Hamzah, na Hamzah alikuwa rafiki wa Hashil tangu utoto, wote watoto wa mtaa huu wa Jadida. Siku ya maziko Hamzah ndiye aliyeingia kaburini kuupokea mwili. Gari yake, Keri ndogo ya kubebea mizigo, ndiyo iliyochukua masufuria na mchele wa hitima. Na Shariffa tangu siku ile hakukosa hata asubuhi moja. Mumewe humshusha saa nne kasoro, yeye akafagia, akapika, akamwogesha mzee, akangoja kuchukuliwa baada ya adhuhuri.

Siku ile, honi ilipolia nje na Shariffa akaaga, Time alikuwa ameiangalia orodha bila kupepesa. Mlango ulifungwa. Keri ikanguruma ikaondoka. Simu ya Hashil ikageuka rangi ya majivu.

Hakumwambia mtu. Alijiambia ni shetani anamchezea, ni huzuni, ni macho. Siku ya pili jina likarudi, likatoka. Siku ya tatu walikuja wanawake wengine watano kumzuru, wamekaa mpaka adhuhuri, na jina halikuonekana. Shariffa siku hiyo alikuwa kampeleka mtoto hospitali. Siku ya nne Time alikaa na simu mkononi tangu saa tatu na nusu. Nyumba kimya. Nje hata kuku hasikiki. Saa nne kasoro dakika saba kidoti kikawaka kijani.

Simu ya Hashil.

Akangoja. Ikapita kama nusu dakika, ndipo viatu vikasikika uwanjani, na sauti ya mwanamke ikaita:

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Jina la marehemu lilitangulia kuingia, kisha ndipo akaingia Shariffa, na kikapu cha ndizi mkononi, anatabasamu.

Time hakulala siku hiyo. Alikumbuka kuwa kiasi cha wiki nyuma Shariffa alimwomba neno la siri la intaneti. Alikuwa na simu mpya, alisema, dada yake wa Maskati kamletea. Ile ya zamani ilikufa zamani. Time alimtajia neno la siri na akaiona simu yenyewe kwa mbali: kava ya waridi yenye maua, kioo kinang'aa. Haikufanana kwa lolote na simu ya Hashil, iliyokuwa nyeusi na imechubuka pembe.

Asubuhi alitoa boksi la simu ya mumewe kabatini. Hashil hakuwa mtu wa kutupa boksi. Pembeni yake kulikuwa na karatasi yenye tarakimu kumi na tano za kuitambulisha simu. Alilifunika kwa kanga, akangoja.

Shariffa alikuja, akaweka vitu vyake, akabandika muhogo, akaanza kuchambua mchele. Time alimwita chumbani.

"Kaa kidogo, shoga. Hebu nione simu yako."

"Simu yangu? Ya nini?"

"Nataka uandike kitu. Andika nyota, reli, sifuri, sita, reli."

Shariffa alicheka, akaandika. Tarakimu zikatokea kwenye kioo. Time akafunua kanga, akalitoa boksi, akaanza kusoma moja moja kwa sauti ya chini. Kufika ya tisa, kicheko kilikuwa kimeshamtoka Shariffa usoni. Kufika ya kumi na tano alikuwa anatazama chini.

"Boksi la nani hilo?" aliuliza.

"La Hashil."

"Haiwezekani."

"Simu hii kakupa nani, Shariffa?"

"Nshakwambia. Dada yangu."

"Dada yako kaipata wapi simu ya mume wangu?"

Shariffa alifunika uso kwa mikono yote miwili. Alipoanza kulia alilia kama mtoto aliyefumwa, na Time akaona kuwa analilia kitu kidogo, hajafika kwenye kile kikubwa.

"Nilijua tu Mungu atanifedhehesha," alisema. "Nimeiokota. Nkwambie kweli, nimeiokota. Sikuitangaza. Nilikuwa sina simu, na Hamzah kila nikimwambia ananambia ngoja. Nikasema kama mwenyewe ataiulizia n'tampa. Hakuiulizia mtu. Fundi wa mjini akaitia kioo, akaiflashi ikawa tupu, nikavisha kava. Na Hamzah nilimdanganya kama nilivyokudanganya weye. Nisamehe, shoga. Wallahi sikujua ni ya Hashil. Ningejuaje? Imejaa tope, haina hata laini."

"Uliiokota wapi?"

"Garini."

Alilisema haraka, kama jambo lisilo na uzito. Kisha mdomo wake ukabaki wazi.

"Gari gani?" Time aliuliza, ingawa alishajua.

"Keri yetu." Sauti ya Shariffa ilikuwa imekonda. "Chini ya kiti cha dereva. Nilikuwa natoa masufuria ya hitima, kifuniko kikadondoka, nikainama. Nilifikiri abiria kaiangusha."

"Siku gani?"

"Siku ya tatu ya msiba."

Wakatazamana. Muhogo ulikuwa ukichemka jikoni, mfuniko ukiruka. Hakuna aliyeinuka kuuteremsha.

"Siku ile Hashil alipokufa," Time alisema polepole, "Hamzah alikuwa wapi?"

"Kasema alikuwa Mkoani. Kenda kuchukua saruji."

"Wewe unajua alikuwa wapi?"

Shariffa alitikisa kichwa, lakini si kwa kukataa. Alikuwa anakumbuka, na kile alichokikumbuka kilimjaa uso mzima.

"Kaja nyumbani magharibi haijaingia," alisema. "Karoa chapa. Sikuona saruji. Kachukua ndoo na brashi, katoka tena uwanjani, akawa anaosha gari. Na mvua inanyesha, Time. Mvua inamwagika, na yeye anaosha gari. Nikamwita aje ale, akanambia nimwache."

Honi ikalia nje. Mara moja, ndefu.

"Kaja," alinong'ona Shariffa. "Mbona leo mapema?"

"Simu iache hapa."

"N'tamwambia n'ni?"

"Usimwambie kitu. Nenda kama kawaida."

Shariffa alisimama, akavaa buibui lake, pini zikamtoka mikononi mara mbili. Mlangoni aligeuka kama mtu anayetaka kusema neno, asiseme. Time alisikia mlango wa Keri ukifunguliwa na kufungwa.

Alifanya mambo matatu upesi. Alipiga picha ya orodha yote, pamoja na kumbukumbu ya siku na saa za kila kifaa. Akaituma kwa ndugu yake Abrahman, mwenye duka Chake Chake. Kisha akampigia.

"Nakuja," Abrahman alisema alipomaliza kusikia. "Napita polisi kwanza. Funga mlango."

Mlango wa mbele ulikuwa na komeo lililolegea, ambalo Hashil alikuwa akisema atalitengeneza. Time alilisukuma kadiri lilivyokwenda. Akarudi nyuma ya pazia la chumba, akakaa, simu yenye kava ya waridi iko mapajani.

Haikupita nusu saa. Hakusikia gari. Alisikia viatu tu, kisha komeo likicheza ndani ya tundu lake, na mlango ukafunguka kwa kusukumwa na bega.

"Hodi," alisema Hamzah, akiwa tayari ukumbini.

"Nyumba haina mwanamme, Hamzah."

"Najua, shemegi. Sikai. Shariffa kasahau simu yake."

"Simu gani?"

"Hiyo aliyoisahau."

Chini ya pazia Time aliiona miguu yake. Hakuvua viatu. Katika miaka yote hakupata kumwona Hamzah akikanyaga mkeka wa nyumba ile na viatu.

"Shariffa kakwambia ni simu ya nani?"

Miguu ilisogea hatua moja.

"Shariffa kalia njia nzima," Hamzah alisema. "Nimemuuliza mpaka kanieleza. Nipe hiyo simu, Time."

Hakumwita shemegi.

"Sikupi."

"Laini niliitupa, lakini simu yenyewe nimeitafuta. Nimeligeuza gari zima. Nilifikiri imeanguka njiani, nikamshukuru Mungu. Kumbe mke wangu anakuja nayo hapa kila siku." Alicheka, kicheko kifupi kisicho na pumzi. "Kila siku namshusha mimi mwenyewe."

"Kwa nini uliichukua?"

Pazia lilitikisika kidogo. Hamzah alikuwa amelishika kwa mkono.

"Ilikuwa inalia," alisema. "Nilishampita. Sikujua nimegonga n'ni. Nikarudi, nikateremka, mvua hata huoni mbele. Nikasikia simu inalia mle mtaroni. Nikaiona inawaka, jina lako limeandikwa. Inakatika, inalia tena. Ingemwita mtu."

Time alikuwa amempigia mumewe mara sita siku ile. Alitaka amnunulie nazi mbili.

"Alikuwa kashakufa?"

Viatu vya Hamzah vilikwaruza mkeka.

"Hamzah. Nakuuliza. Alikuwa kashakufa?"

"Kanijua," alisema Hamzah. "Kafungua macho kaniita kwa jina. Kasema, Hamzah, maji."

"Na weye ukafanya n'ni?"

"Nikaizima simu."

Time hakulia. Pazia likaanza kuvutwa pembeni, vidole vinne vikaonekana, kisha nusu ya uso, jicho moja jekundu likimtafuta alipokaa. Time aliificha simu nyuma ya mgongo na kujibana ukutani. Hapakuwa na pa kwenda.

"Nani huyo?" Sauti ya Bi Ummkulthum ilitoka chumba cha pili, nzito ya usingizi. "Hamzah? Ni Hamzah huyo?"

Vidole vikaachia pazia.

Mzee alitoka akijikongoja kwa ukuta, kanga imemteleza kichwani. Macho yake yalishafunga ukungu, lakini sauti ya Hamzah aliijua. Akanyoosha mkono hewani mpaka akaukuta mkono wa mwanamme yule, akaushika.

"Mwanangu, mbona umesimama? Umekula? Time, mpe mwenzio muhogo. Huyu sasa ndiye Hashil wangu."

Hamzah alisimama ameshikwa mkono. Time, nyuma ya pazia, alisikia pumzi zake zikikwama, moja, mbili, tatu. Kisha akajichomoa, taratibu, kidole kwa kidole, akatoka bila kuaga. Mlango ukabaki wazi.

"Ana n'ni huyu?" aliuliza Bi Ummkulthum.

"Ana haraka, mama."

Askari walimkuta Hamzah nyumbani kwake, amekaa kwenye baraza, hakukimbia. Mpelelezi aliyepewa kesi ile, Afande Nyange, alikuja Jadida pamoja na Abrahman na askari mwanamke, akachukua maelezo ya Time yeye nje ya pazia na mwenzake ndani. Aliitazama orodha kwa muda mrefu.

"Nani aliandika majina haya?"

"Marehemu."

"Mungu amrehemu. Mimi nimeshaletewa orodha kama hizi zaidi ya mara moja. Namba tupu, mwenye nyumba mwenyewe hajui kipi chake. Hii angeisoma hata mama yangu."

Akachukua simu, boksi na picha zote. Fundi wa mjini alikiri kuwa alitia kioo na kuiflashi. Shariffa alieleza alichokijua, kisha akaondoka na watoto kwenda kwao Wambaa.

Hamzah hakukataa kuwa aligonga. Alisema alimkuta Hashil ameshakata roho, akaingiwa na hofu, akakimbia. Maneno ya maji hakuyataja. Time ndiye aliyeyaandikisha, kwa sauti ndogo, ili yasivuke ukuta wa chumba cha pili.

Wiki ya pili wakaja wazee wanne wa mtaa, watu wa heshima, wakakaa ukumbini. Walisema kesi haimrudishi maiti. Walisema ni ajali, ni kadari, na Hamzah ana watoto, na watu wa mtaa mmoja wanaozikana hawapelekani mahakamani. Walisema ni muhali, haya ya jirani kwa jirani.

"Muhali ningeuona mimi," Time alijibu nyuma ya pazia, "kama angeuona yeye kwanza."

"Mwanangu, unajua unalolisema?"

"Nalijua, sheikh. Kunyweni chai."

Chai ilipoa vikombeni. Waliondoka bila kuigusa.

Hamzah alipata dhamana. Siku iliyofuata, saa nne kasoro, Time aliona kwenye orodha kidoti kikiwaka penye jina ambalo Hashil aliliandika siku ile ya Ijumaa: Simu ya Hamzah. Kikawaka kiasi cha dakika mbili, kikazima. Nje palisikika mngurumo wa Keri inayokwenda polepole. Alasiri ikawa vivyo hivyo. Na kesho yake. Hakusimama, hakupiga hodi, hakusema neno. Alikuwa akipita tu karibu na ukuta, kwa mwendo wa mtu anayefuata jeneza.

Time aliweka kumbukumbu ya siku tano, siku na saa, akampelekea Afande Nyange. Kisha akabadilisha neno la siri. Afande alimwita Hamzah akamwonyesha karatasi, akamwambia akionekana tena mtaa ule dhamana inaondoka. Keri haikupita tena. Lakini Time aliendelea kuitegea sikio kila saa nne kasoro, na mara nyingine, kukiwa kimya kabisa, aliisikia.

Bi Ummkulthum aliambiwa kuwa Hamzah ndiye aliyemgonga mwanawe. Hakuamini siku tatu. Alipoamini hakulitaja tena jina lile. Alikuwa na swali moja tu, na kila Ijumaa alilirudia akimshika Time goti.

"Alipata tabu mwanangu?"

"Hakupata tabu, mama. Alikufa hapo hapo."

"Alhamdulillah."

Mara kumi Time alimjibu hivyo. Kila mara ilimchoma, na kila mara aliona hana jibu jengine la kumpa mzee wa miaka themanini.

Eda ilikwisha mwishoni mwa Agosti. Wanawake walikuja wakamwogesha, wakamvisha nguo mpya, wakamtia udi. Siku ya nne baadaye ilikuwa siku ya kutoa ushahidi. Afande Nyange alikwishamwambia kwamba wakili wa Hamzah atamuuliza juu ya mazungumzo ya pazia, naye itambidi ayataje yote, mbele ya watu wote.

Asubuhi hiyo Bi Ummkulthum aliamka mapema, akataka kwenda naye. Alikuwa ameshakaa kwenye kiti, anatafuta viatu kwa miguu. Time alipiga magoti mbele yake, akamvisha kimoja. Cha pili kikabaki mkononi.

"Mama, n'na neno. Huko utalisikia, na sitaki ulisikie kwa mtu mwengine."

"Sema."

"Nilikudanganya. Hashil hakufa hapo hapo. Alikuwa hai, Hamzah alipoteremka. Alimjua. Alimwomba maji."

Uso wa mzee haukubadilika. Macho yake meupe yalikuwa yakitazama dirishani, ambako hakuona kitu.

"Akampa?"

"Hakumpa."

Walikaa hivyo mpaka teksi aliyokuja nayo Abrahman ikapiga honi nje. Time aliruka kama aliyechomwa. Mzee hakutikisika.

"Mvua ilikuwa inanyesha?" aliuliza.

"Ilikuwa inanyesha, mama. Nyingi."

"Basi labda kapata kidogo," alisema Bi Ummkulthum. Akanyoosha mguu wake wa pili. "Nivishe hicho. Nataka kukaa mbele, anione."